Nguvu ya mboga inaishia wapi: motoni, au kwenye maji tunayomwaga?

"Nina mimba ya miezi mitano. Kliniki wamenipima damu wakakuta 10.2, wakanipa vidonge na kuniambia nile mboga za majani kwa wingi. Naishi na mama mkwe na yeye ndiye mpishi mkuu. Mchicha anauchemsha karibu nusu saa kwa maji mengi na magadi kidogo ili ubaki kijani, anamwaga yale maji ya kwanza akisema yana sumu, ndipo anaukaanga na nyanya. Matembele anayachemsha na kunipa maji yake mekundu ninywe asubuhi na jioni ili damu ipande, majani yenyewe yanatupwa. Wifi yangu naye anasema mboga ikishaguswa na moto imekufa, nisage mchicha mbichi kwenye blenda ninywe. Wanangu wawili, wa miaka minne na saba, hawaitaki mboga kabisa, wanasema ni kama nyasi. Tupike vipi ili tupate faida na bado iwe tamu? Na sitaki kumkosea mama."

Dada yangu, hongera kwa mimba, na pole kwa kuzungukwa na ushauri unaopingana. Wote wawili, mama mkwe na wifi, wanakutakia mema. Nyuma ya maswali yako nasikia hofu moja: kwamba unakula kwa ajili ya mtoto, kumbe chakula kinafika sahanini kikiwa kitupu. Kwa baadhi ya mambo hofu hiyo ina msingi, na kwa mengine unaweza kuitua leo.

Nianze na damu, maana ndiyo yenye haraka. Mjamzito anatakiwa awe na hemoglobini, kile kinachopimwa kliniki kujua wingi wa damu, isiyopungua gramu 11 kwa desilita. Yako, 10.2, ni upungufu mdogo. Ikishuka chini ya 7 ndipo tunaita upungufu mkali, na hapo mtu hatakiwi kukaa nyumbani. Wenzako ni wengi: utafiti wa kitaifa wa afya Tanzania wa mwaka 2015-16 ulikuta wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Dawa yako ni vile vidonge vya madini chuma na foliki asidi ulivyopewa kliniki. Nasema hivi mapema kwa sababu nimekutana na akina mama wanaoweka vidonge kabatini kwa kuwa vinawatia kichefuchefu, wakaamua kujaza nafasi yake kwa mboga. Haiwezekani. Madini chuma ya kwenye majani mwili huyanyonya kwa sehemu ndogo tu, na wewe unatengeneza damu ya watu wawili. Vidonge vikikuchafua tumbo, vinywe usiku kabla ya kulala au pamoja na chakula kidogo, na umwambie muuguzi wako, ila usiviache. Mboga ivisaidie vidonge, isichukue nafasi yake.

Sasa tuingie jikoni.

Jani moja la mchicha limebeba vitu vyenye tabia tofauti, na mzozo wa nyumbani kwenu unatokana na kuvichukulia vyote kama kitu kimoja kinachoitwa "nguvu ya mboga". Kuna vitamini C na foleti, ambayo ni mojawapo ya vitamini B na inahitajika sana katika kutengeneza damu na katika ukuaji wa mtoto tumboni. Hizi huyeyuka kwenye maji kama sukari kwenye chai, na huharibiwa na moto wa muda mrefu. Vitamini C huanza kupungua hata kabla ya moto, tangu jani linapokatwa na kukutana na hewa. Kuna pia beta-karotini, ile rangi ya chungwa unayoiona wazi kwenye karoti na viazi lishe, ambayo kwenye mchicha imefunikwa na kijani. Mwili huigeuza kuwa vitamini A. Hii haitoki na maji kirahisi, inataka mafuta ili ifyonzwe, na moto wa kiasi huisaidia kwa sababu hulainisha kuta za seli zilizoifungia. Halafu yako madini: chuma, kalisi, magnesi. Moto hauna uwezo wa kuyaharibu. Unaweza kuunguza jani mpaka likawa majivu na chuma chake kikabaki mle mle kwenye majivu. Kinachoweza kuyapunguza ni kuvuja kwenye maji ambayo baadaye unayamwaga.

Kwa hiyo wifi yako amekosea anaposema mboga ikiguswa na moto imekufa. Ni kweli vitamini C hupungua kwa kupika, lakini kwa mchicha uliopikwa dakika nne hasara si kubwa kama ya kupika muda mrefu, na beta-karotini utakayoipata ni nyingi kuliko ile ya jani bichi. Tena mchicha mbichi una asidi ya oksaliki nyingi, ile inayoacha meno yakiwa kama yamepakwa chaki, na asidi hiyo huishikilia kalisi isiingie mwilini. Zaidi ya yote, fikiria mchicha wetu unakotoka. Mwingi unaouzwa mijini hulimwa mabondeni kando ya mito na mifereji, na maji ya kumwagilia mara nyingi si safi. Kuusaga mbichi ni kunywa chochote kilichokuwa kwenye maji yale, iwe vijidudu vya homa ya matumbo, amiba au mayai ya minyoo. Kwa mjamzito mwenye upungufu wa damu, hiyo juisi mimi naikataa kabisa. Akitaka kitu kibichi akuletee pera. Pera lina vitamini C mara tatu au zaidi ya ile ya chungwa, na ukilila baada ya mlo linausaidia mwili kunyonya chuma cha mboga uliyokula.

Kwenye magadi nitakaa kidogo, kwa sababu yapo kwenye majiko mengi kuliko watu wanavyokiri. Magadi tunayonunua sokoni ni chumvi ya maziwa ya Bonde la Ufa, kama Natron upande wetu na Magadi upande wa Kenya. Ni ya jamii moja na soda ya kuokea mikate, yaani kinyume cha ndimu. Yakiingia kwenye maji ya mboga hufanya mambo mawili ambayo mpishi anayaona na kuyapenda: rangi inabaki kijani ya kung'aa, na nyuzi ngumu zinalegea haraka, hivyo kuni au mkaa unapona. Mama mkwe wako hakulibuni hili. Ni ujuzi wa kweli, wa watu waliopika majani makavu, magumu na ya porini wakati kuni ni za kubeba kichwani.

Tatizo liko kwenye yale asiyoyaona. Vitamini C na vitamini B1 hazivumilii maji yenye magadi, huharibika haraka kuliko zinavyoharibika kwenye maji matupu. Magadi pia ni sodiamu, na sodiamu nyingi inapandisha presha, jambo ambalo wewe mwenye mimba hulitaki. Na magadi mengi ya ukanda wetu yana floraidi nyingi. Ukipita vijiji vya Arusha na Kilimanjaro utaona watu wenye meno ya rangi ya kahawia. Sababu kubwa ni floraidi ya maji ya kunywa, lakini watafiti wa meno waliofanya kazi huko wameyataja magadi ya kupikia pia kama chanzo. Wanaoathirika zaidi ni watoto ambao meno yao ya ukubwani bado yanatengenezwa ndani ya fizi. Wanao wa miaka minne na saba wako kwenye umri huo huo.

Na mchicha hauyahitaji. Ni jani laini linaloiva kabla hujamaliza kupanga sahani. Jani hupoteza ukijani kwa sababu asidi iliyomo ndani yake inapopata muda motoni huibadilisha ile rangi ya kijani kuwa ya kahawia, kama majani makavu. Dakika tano hazitoshi kufanya hivyo, nusu saa inatosha sana. Mama akipika kwa muda mfupi ataupata ukijani anaoutaka bila chembe ya magadi. Kwa mlenda ni habari nyingine. Siwezi kumwambia mtu wa Dodoma au Singida apike mlenda bila magadi halafu nitegemee anisikilize. Ninachowaomba ni kubana kipimo, na kutoyapeleka magadi kwenye kila sufuria kwa sababu tu yamezoeleka kwenye mlenda.

Maji ya kwanza yana sumu? Kwa mchicha, kwa mtu mzima wa afya, hapana. Kilichomo ni ile oksaliki niliyoitaja, na kuchemsha na kumwaga kweli huipunguza, hivyo mama hajasema kitu kisicho na mzizi. Lakini pamoja na oksaliki anamwaga foleti na vitamini C, na kwa nusu saa motoni kinachoondoka kinaweza kuwa nusu ya vitamini hizo au zaidi. Mtu aliyewahi kupata mawe ya figo, huyo ndiye ninayemwambia achemshe na kumwaga, na hata hivyo apunguze mchicha na spinachi, ale sukuma wiki au kabichi ambazo oksaliki yake ni kidogo. Kama hofu ya mama ni dawa za kuulia wadudu zinazopulizwa shambani, kumwaga maji si dawa yake. Osha majani mazima, kabla ya kukata, kwenye maji safi mengi, ukibadilisha mara mbili tatu mpaka mchanga uishe. Ukikata kwanza ndipo uoshe, kama wengi wanavyofanya na mboga iliyokatwakatwa tayari gengeni, vitamini zinaondoka kwenye beseni kabla hujawasha jiko. Usitumie sabuni.

Lakini lipo jani moja ambalo haya yote ya "pika kidogo" hayalihusu. Ni kisamvu. Nalisema kwa uzito kwa sababu niliwahi kulikosea. Mwanzoni mwa kazi yangu nilisimama mbele ya akina mama kliniki nikawaambia, mboga zote za majani dakika tano, zisizidi. Mama mmoja wa makamo akaninyooshea kidole, akauliza, "Hata kisamvu, mwanangu?" Nilinyamaza, kisha nikamshukuru mbele ya wote. Jani la muhogo lina kemikali ambayo jani likipondwa hukutana na kimeng'enya chake na kutoa sianidi, na hiyo ni sumu kweli. Habari njema ni kwamba sianidi hiyo huruka na mvuke kirahisi. Ndiyo maana ya kutwanga: kadiri unavyopondaponda jani, ndivyo unavyoifungulia sumu njia ya kutoka. Kitwange kiwe laini kabisa, kiache kidogo, kichemshe kwa maji ya kutosha bila kufunika kwa robo saa ya mwanzo, kisha endelea mpaka kiive vizuri, saa nzima au zaidi. Kisamvu cha mpira nacho ni hivyo hivyo. Vitamini C itapotea na ipotee, kwa sababu beta-karotini, protini na madini hubaki, na usalama kwanza. Hapa mama mkwe wako, akikaa na chungu cha kisamvu nusu siku, ndiye mwalimu, na wifi akae asikilize.

Maji ya matembele. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, pamoja na lile la rozela, yale maua mekundu ya kuchemsha na kunywa. Rangi nyekundu inatushawishi, tunaona kama damu inaongezwa kikombe kwa kikombe. Lakini wekundu huo ni rangi ya mmea tu, haina uhusiano na chuma. Ndani ya maji hayo kuna foleti kidogo, vitamini C kidogo iliyonusurika moto, na potasiamu. Chuma kingi, beta-karotini karibu yote, na protini, vimebaki kwenye majani yanayotupwa. Kwa hiyo anakupa mvuke wa chakula na chakula chenyewe kinaenda kwa kuku. Sisemi maji hayo yana madhara. Nasema ule majani pamoja na maji yake. Pika matembele kwa maji machache kiasi kwamba yanapoiva hakuna cha kumwaga, rojo iliyobaki umwagie kwenye ugali.

Rozela yenyewe wakati wa mimba ningekushauri uiache mpaka ujifungue.

Sasa upishi. Nitakueleza ninavyopika mchicha nyumbani kwangu kwa watu watano, mafungu manne ya gengeni.

Sufuria pana ni bora kuliko sufuria ndefu. Mafuta vijiko viwili vya chakula, si zaidi. Mwili unahitaji gramu chache tu za mafuta kwa mlo, tatu mpaka tano kwa mtu, ili kuinyonya beta-karotini. Wanaochemsha mboga "chukuchuku" bila tone la mafuta wakidhani wanajali afya, huikosa sehemu kubwa yake, na wanaomimina kikombe kizima hawaongezi chochote ila unene. Kitunguu kinaingia kwanza, moto wa kati, na hapo usiwe na haraka. Ladha ya mboga inatengenezwa hapa. Kitunguu kikipata joto la mafuta bila maji hubadilika rangi, utamu wake unatoka, ukali unaondoka. Ukitia maji au nyanya mapema, joto haliwezi kupanda kupita lile la maji yanayochemka, na kitunguu kinachemka badala ya kukaangika. Zile mboga zisizo na ladha ambazo watoto wanaziita nyasi, nyingi zimeharibikia hapa.

Kitunguu kikianza kuwa cha dhahabu tia kitunguu saumu kilichopondwa, koroga kidogo, kisha nyanya mbili tatu zilizoiva zikakatwa ndogo ndogo. Zipike mpaka zivunjike kabisa na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Nyanya mbichi mbichi kwenye mboga ni chachu. Nyanya iliyokauka vizuri ina ladha nzito, kama ya nyama, na ule wekundu wake, laikopini, nao hufyonzwa vizuri zaidi ukiwa umepikwa na mafuta. Chumvi tia hapa, kidogo. Vile vidonge vya mchuzi vya dukani sehemu yake kubwa ni chumvi. Ukivitumia, chumvi usitie tena, ila ukiwa na nyanya iliyoiva hivyo hutavikumbuka.

Ndipo mchicha uingie, umekatwa dakika hiyo hiyo, ukiwa na matone yaliyobaki ya kuoshea. Hayo ndiyo maji yake. Mchicha wenyewe karibu wote ni maji, usiuongezee mengine. Ongeza moto, geuza, utaona mlima unashuka kuwa kiganja. Dakika tatu mpaka tano. Ukiona maji yamejaa chini, sababu ni moto mdogo au sufuria iliyoshindiliwa. Afadhali kupika mara mbili. Epua ungali na uhai kidogo mdomoni, kwa sababu joto lililobaki litaendelea kuupika. Ndimu au limao kamulia sahanini, kamwe si motoni: ukiitia mapema asidi itakupa mboga ya kahawia na vitamini C ya ndimu itapungua kwa moto. Ukiitia mwishoni inafungua njia kwa chuma kufyonzwa, na inaamsha ladha kiasi kwamba chumvi kidogo inatosha.

Muda unabadilika kwa jani. Sukuma wiki dakika tano mpaka saba. Matembele karibu hivyo hivyo. Majani ya maboga yamenywe zile nyuzi kwanza, kisha dakika nane au kumi. Majani ya kunde ni magumu, robo saa na maji kidogo. Kabichi watu huionea sana. Ikipikwa muda mrefu hutoa ile harufu nzito ya salfa inayojaa nyumba, lakini ukiikata nyembamba na kuigeuza motoni dakika nne tano inakuwa tamu, na watoto huitafuna kama inavyotafunwa karoti.

Kwa watoto, niseme pole pole. Mtoto anahisi uchungu kuliko mtu mzima, kwa hiyo anapokunja uso si jeuri. Usianze na mnavu peke yake. Changanya mnavu kidogo ndani ya mchicha mwingi, na ukiwa mchungu sana hapo kumwaga maji ya kwanza naruhusu, maana mboga isiyoliwa haina vitamini hata moja. Wenzetu wa magharibi mwa Kenya huumaliza uchungu wa mnavu kwa maziwa, na ni njia nzuri: protini na mafuta ya maziwa hushika vile vitu vichungu kabla ulimi haujavikuta. Karanga za kusaga hufanya kazi hiyo hiyo. Chambua karanga moja moja kabla ya kusaga, yenye ukungu, iliyosinyaa au inayokuwa chungu itupe, kwa sababu sumu kuvu haiondoki kwa kupika. Na usikate tamaa akikataa leo. Mtoto anaweza kuhitaji kuwekewa chakula kimoja mara kumi, hata zaidi, kabla hajakizoea. Weka kijiko kimoja tu sahanini mwake, usimlazimishe, wewe mwenyewe ule mbele yake kwa raha.

Nazi: mimi ni mtu wa Tanga, sitakuambia uache. Mafuta ya nazi kwa sehemu kubwa ni ya aina inayopandisha lehemu, kwa hiyo nazi isiwe ya kila siku, na siku ya nazi hakuna mafuta mengine. Tui jepesi lipikie mboga, tui zito lije mwishoni kwa moto mdogo ukikoroga, lisije likakatika. Kwa wewe mwenye upungufu wa damu, kiungo ninachokipenda kuliko vyote ni dagaa. Kiganja cha dagaa kilichokaangwa kikatiwa kwenye matembele kinaleta chuma chake, na pia kinausaidia mwili kunyonya chuma cha yale majani. Ladha yake unaijua. Maini nayo yana chuma kingi, ila wakati wa mimba yasiwe ya kila siku, kwa kuwa yana vitamini A kali mno.

Na chai. Ukipika yote haya sawasawa halafu ukashushia na chai ya rangi au ya maziwa, umefunga mlango uliokwisha kuufungua. Chai huzuia chuma cha mboga kwa zaidi ya nusu. Iache ipite saa moja baada ya mlo, na vidonge vyako usivinywe na chai kabisa. Maji, au maji ya chungwa.

Mboga iliyobaki usiiache sufuriani jikoni hadi kesho, joto letu haliisamehi. Ikipoa weka kwenye friji, kesho ipashe mara moja tu. Kama hakuna friji pika ya kutosha mlo mmoja. Kwa dakika tano za moto, kupika mara mbili kwa siku si mzigo.

Yapo ambayo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Ukisikia moyo unakwenda mbio umekaa tu, pumzi inakata ukipanda ngazi chache, kizunguzungu cha kuanguka, viganja vimepauka, au ukiona damu, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, usisubiri tarehe ya kliniki. Hata ukiwa huna dalili, hakikisha unapimwa malaria na umepewa dawa ya minyoo kwa muda unaostahili, kwa sababu safura na malaria humaliza damu kwa kasi ambayo mboga wala vidonge haviwezi kuifukuza. Na nikuulize jambo ambalo hukuandika: unakula udongo? Wengi wanakula na wanaona aibu kusema. Hamu ya udongo mara nyingi yenyewe ni dalili ya chuma kupungua, na udongo nao hukizuia kile kidogo unachokula. Mwambie muuguzi bila woga. Na kama kuna mtu nyumbani ana ugonjwa wa figo, au anakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda, asifuate kiasi cha mboga nilichokupa wewe. Figo zikichoka hushindwa kutoa potasiamu, na mabadiliko ya ghafla ya majani huvuruga ile dawa. Daktari wake na afisa lishe wa hospitali ya wilaya wampangie.

Kuhusu mama, usimpelekee maneno yangu kama hukumu. Mwombe siku moja akufundishe kisamvu, kuanzia kutwanga, na kaa naye mpaka kiive. Kisha jioni mwambie, "Mama, leo niachie mchicha, nijaribu kupika kwa muda mfupi bila magadi, uniambie kama umeiva." Mpe yeye aonje wa kwanza, kabla ya limao na baada ya limao. Matembele mwambie unayapenda maji yake kiasi kwamba unataka na majani. Baada ya mwezi mmoja wa vidonge na mlo huu, pimeni damu tena, na yeye akusindikize kliniki asikie jibu pamoja nawe.